Nani Kasema Tumechelewa?

Juzi mwenzetu wa miaka 38 kaacha darasa la cherehani kwa kuchekwa: "Mtu mzima unakaa dawati moja na watoto?" Tumeudhika.

Wanaocheka tuwape mfano wa mbali. Kule Fort Worth, Marekani, kwenye mashindano ya piano ya Van Cliburn, Yunchan Lim wa Korea Kusini alishinda 2022 akiwa na miaka 18. Mashaallah, kijana kaweza. Lakini taasisi hiyohiyo, tangu 1999, ina mashindano mengine ya kimataifa kwa wenye miaka 35 kwenda juu, wasioishi kwa piano. Hupanda jukwaani madaktari na mawakili. Hawaambiwi wawapishe watoto.

Sasa sisi tumcheke mtu anayetafuta riziki ya halali? Dada, rudi darasani. Wanaokucheka hawakulishi.