Lama wa Mlima LeConte
Lama ni jamaa wa ngamia asiye na nundu, na asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika Hifadhi ya Great Smoky Mountains, jimboni Tennessee, Marekani, msafara wao hupanda njia ya Trillium Gap mara 3 kwa wiki tangu miaka ya 1980, ukipeleka vyakula na mashuka safi kwenye nyumba ya wageni ya Mlima LeConte, iliyo zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Gari halifiki huko. Vitu vizito huletwa na helikopta mara moja kwa mwaka. Zamani kazi hiyo ya lama ilikuwa ya farasi, lakini kwato zao zilichimbua njia. Mguu wa lama una vidole 2 na wayo laini, hivyo hauchimbui udongo. Lama hubeba takriban robo ya uzito wake; akizidishiwa, hulala chini akagoma, na pengine hutema mate. Mpanda mlima anayewakuta ghafla kwenye kona husogea pembeni, akatulia mpaka wapite. Wakifika juu, lama huonjeshwa chapati za maji zilizobaki mezani, ujira usio haba, kisha hushuka na mashuka machafu na takataka.