Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu msomaji, methali hii inawafaa sana watengenezaji wa programu za kompyuta. Programu huandikwa na binadamu, na binadamu hakosi kukosea. Basi mtengenezaji akigundua ufa ambao mwizi anaweza kupenya, je, atangaze au anyamaze?

Kuna wanaodai ati kutangaza ni kumwonyesha mwizi dirisha lililo wazi. Kwani mwizi hana macho? Hebu tutazame yaliyotokea mwaka wa 2017. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa linajua ufa fulani katika Windows, likanyamaza ili liutumie kwa upelelezi wake. Siri haikukaa. Mwezi wa Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuuziba. Aprili, mbinu za NSA zikamwagwa hadharani. Tarehe 12 Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kikavamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Jamani, mgonjwa aliyerudishwa nyumbani alikuwa na hatia gani?

Mtu ataniuliza, si Microsoft ilikuwa imeshatangaza? Naam, ilitangaza, na waliotia kiraka mapema waliponea. Lakini tangazo lenyewe liliitwa MS17-010, utadhani ni nambari ya gari! Karani wa hospitali atajuaje kwamba hapo anaambiwa afunge mlango?

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanatakiwa. Kwanza, kuwe na muda maalum. Kikundi cha Google kiitwacho Project Zero humpa mtengenezaji siku 90 arekebishe kasoro. Asipofanya hivyo, wao huitangaza. Huo ni uungwana, maana mtengenezaji anapewa nafasi lakini halali usingizi. Pili, tangazo lije pamoja na kiraka, kwani kutaja ugonjwa bila dawa ni kutia watu hofu bure. Tatu, lugha iwe nyepesi: ni nini kimeharibika, nani yumo hatarini, na afanye nini leo.

Nasi watumiaji tusijitie hamnazo. Simu au kompyuta ikikuomba uiongezee marekebisho, usiseme "kesho". Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shime watengenezaji, semeni mapema!