Tahadhari Kabla ya Athari: Usukani na Akili Isiyotulia



Wiki hii twaijibu barua ya mama mmoja wa watoto watatu. Atueleza kwamba alimpeleka mwanawe kwa daktari kwa sababu ya kutotulia darasani, na katika mazungumzo daktari akatambua kuwa mama naye anayo hali ile ile. Hali yenyewe ni upungufu wa umakini na mhangaiko uliopindukia, ambao matabibu huuita kwa kifupi ADHD. Tangu siku hiyo mumewe asita kumpa funguo za gari. Mama mwenyewe ameingiwa na hofu, kwani zaidi ya mara moja ameipita njia ya kuingilia madrasa bila kujitambua, na majuzi alikanyaga breki ikiwa imesalia kidogo tu amgonge mtu wa bodaboda. Swali lake ni hili: je, aache kuendesha gari?

Kwanza tuielewe hali yenyewe. ADHD si uvivu, si utovu wa adabu, wala si jini. Ni tofauti ya namna ubongo unavyokua na kuyasimamia mawazo. Huanza utotoni, aghalabu hurithiwa ndani ya familia, na kwa watu wengi haiishi kwa kufika utu uzima. Wako wanaotambulikana kwa kutotulia na kukurupuka, na wako ambao mwili umetulia ila mawazo ndiyo yanayotangatanga. Wasichana wengi wamo katika kundi hili la pili. Kwa kuwa hawasumbui mtu darasani, huitwa wasahaulifu tu, na wengine hawajui hali yao hadi wanapokuwa mama wa watoto. Basi dada yetu hayuko peke yake. Kisomo na dua ni kheri tupu, lakini havimzuii Muislamu kwenda kwa tabibu, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Sasa tuje barabarani. Kuendesha gari kwataka macho, masikio, mikono na uamuzi vifanye kazi pamoja kwa muda mrefu, tena katika njia ambayo mtu ameizoea. Hapo ndipo penye mtego. Akili ya mwenye ADHD huchoshwa upesi na jambo lililozoeleka, ikaruka kwenda kwenye mazungumzo ya jana au mapishi ya jioni. Gari likienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hukata takriban mita 17 kila sekunde. Akili ikipotea kwa sekunde 3, gari limeshapita mita 50 bila dereva. Katika mita hizo hapo Kongowea yaweza kuchomoka tuk-tuk, ukapita mkokoteni, au mtoto akavuka akimfuata nduguye. Ongeza tabia ya kukurupuka: kulipita gari la mbele bila kutazama vyema, au kumjibu kwa hasira anayepiga honi.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba madereva wenye hali hii hupata ajali zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, iko habari ya kutia moyo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya milioni 2.3 wenye ADHD. Katika miezi waliyokuwa wakipata dawa, ajali za gari zilizowafikisha hospitalini kwa dharura zilikuwa chache zaidi kuliko katika miezi ambayo watu hao hao hawakuwa na dawa: kwa wanaume asilimia 38, na kwa wanawake asilimia 42. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, lakini waonyesha kwamba hatari hii si kitu kisichopungua.

Kwa hivyo, hatua ya mwanzo ni kurudi kwa daktari na kumweleza waziwazi habari za barabarani, pamoja na kisa cha bodaboda. Kama atakuandikia dawa, muulize itafanya kazi kwa saa ngapi, kwani iliyonywewa asubuhi yaweza kuwa imekwisha nguvu jioni unapokwenda kuwachukua watoto. Muulize pia juu ya Ramadhani. Yumkini wakati wa kuinywa ukabadilishwa, na mgonjwa ana rukhsa yake katika dini. Tafadhali usinywe dawa ya mwanao hata siku moja. Kipimo cha mtoto si chako, na daktari hana budi kuupima moyo na shinikizo la damu lako kwanza. Wala miraa na muguka si badala ya dawa. Huufukuza usingizi kwa muda, kisha uchovu hurudi ukiwa mzito zaidi.

Hatua ya pili ni kuipanga safari kabla ya kuwasha gari. Mwenye hali hii hupotelewa na hesabu ya wakati, akachelewa, kisha akakimbiza gari ili aufidie. Tayarisha usiku mikoba, vitabu na funguo, na utoke robo saa kabla. Kabla ya kuondoka, kaza mkanda, tengeneza vioo, na ubane vizuri mtandio au nikabu isije ikateleza ikakuziba pembeni. Ukipenda kusikiliza Qur'ani, chagua sura gari likiwa limesimama, na usiguse tena. Simu izimwe sauti, iwekwe ndani ya mkoba kiti cha nyuma. Watoto wafundishwe kwamba mama akiwa kwenye usukani hageuki nyuma. Ugomvi wao utaamuliwa gari likishaegeshwa. Njiani jizoeze kujisemea kwa sauti unachokiona: "Tuta mbele, bodaboda kushoto, trela lageuka." Huenda likaonekana jambo la kitoto, lakini huirudisha akili barabarani.

Hatua ya tatu ni kuzijua saa zako mbaya. Siku ambayo hukulala kwa sababu ya mtoto mchanga, siku ya ugomvi nyumbani, na ile nusu saa ya kukimbilia futari kabla ya Maghribi, mwombe mwingine aendeshe au panda matatu.

Neno moja kwa mume. Hofu yako ni ya haki, kwani ndani ya gari hilo mna watoto wako, na nje yake mna watoto wa watu. Lakini kuzitwaa funguo kwa kejeli hakumtibu mkeo. Keti kiti cha pembeni mara kadhaa, utazame bila kufoka, kisha mzungumze nyumbani mambo mliyoyaona. Kufoka njiani ni kumwongezea jambo jingine la kumpotezea makini.

Na jibu letu kwako, dada yetu, ni hili: usiache moja kwa moja, wala usiendelee kama kwamba hapakutokea kitu. Kisa cha bodaboda ni onyo. Hadi utakapomwona daktari, weka funguo chini, watoto wapelekwe na mwingine. Akikuruhusu, anza na safari fupi za mchana, mumeo akiwa pembeni. Ukiona mambo yametengea, ongeza kidogo kidogo. Visa vya kuponea chupuchupu vikiendelea juu ya dawa na juhudi zote hizo, basi kuacha kuendesha si aibu. Kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia, nayo ni nafsi yako na ya yule wa bodaboda pia.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Dua ya safari tuisome, na ngamia tumfunge. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awatulize nyoyo wenye mitihani kama hii, na azijaalie nyumba zetu upole na subira. Amin.

Wabillahi taufiki.