Shujaa Yule Yule, Kalamu Nyingine

Mwandishi wa riwaya za ujasusi anapofariki, si lazima shujaa wake azikwe naye. Warithi na wachapishaji humtafuta mwandishi mwingine, wakamkabidhi kalamu, na msomaji akaletewa kitabu kipya chenye jina lile lile alilolizoea. Hapo ndipo manung'uniko huanza. "Huyu siye," husema msomaji. Wapo wahakiki wanaomdharau kwa kauli hiyo, wakidai kwamba anaililia tu jana yake. Kwa maoni yangu, msomaji huyo anastahili kusikizwa. Lakini naye hana budi kututolea ushahidi.

Tuchukue mfano wa James Bond. Ian Fleming alimleta ulimwenguni mwaka 1953 katika Casino Royale, naye mwenyewe akafariki mwaka 1964. Mwaka 1968 Kingsley Amis, akitumia jina la Robert Markham, alitoa Colonel Sun. Mwaka 1981 John Gardner akaanza zamu yake kwa Licence Renewed, akaendelea hadi 1996. Akafuata Raymond Benson, Mmarekani, na baada yake wengine kadhaa, miongoni mwao Sebastian Faulks, William Boyd na Anthony Horowitz. Kila mmoja wao alipimwa kwa mizani moja: je, huyu ni Bond wetu?

Shutuma mojawapo iliyomwandama Gardner ilihusu gari. Alimpa jasusi wa Kiingereza gari aina ya Saab, la Sweden, na wapo wapenzi wa Bond walioona kwamba hiyo ni kufuru. Waama, shutuma hiyo haina mashiko. Fleming mwenyewe alimwendesha shujaa wake katika Bentley, kisha katika Goldfinger ya mwaka 1959 akampa Aston Martin. Hata bastola aliibadilisha. Geoffrey Boothroyd, mjuzi wa silaha, alimwandikia barua akimweleza kwamba Beretta haikumfaa mtu wa kazi ile. Fleming hakukasirika. Katika Dr. No ya mwaka 1958, Bond alipokonywa Beretta akapewa Walther PPK, na aliyeipendekeza silaha hiyo mpya akapewa jina la Meja Boothroyd. Basi maoni ya msomaji yaliingia katika mfululizo huu hata mwenye kalamu akiwa hai, na vitu vilibadilika bila shujaa kupoteza utu wake.

Ikiwa hivyo ndivyo, msomaji hunung'unikia nini hasa? Hunung'unikia sauti. Mazoea ya kusoma vitabu kumi vya mtu mmoja humtia msomaji maarifa asiyoyajua kuwa anayo: urefu wa sentensi, mahali pa kituo, vivumishi vinavyopendwa na vinavyoepukwa, lipi linasemwa na lipi linaachwa kimya. Mkono mpya ukiingia, sikio hustuka mara moja. Ila ulimi hauna jina la kilichokosekana, hivyo hushika kilicho karibu: gari, sigara, kinywaji. Gari hubebeshwa lawama ya sentensi.

Kwa sababu hiyo, kujua habari zote za mhusika hakutoshi. Amis alikuwa mwanafunzi hodari wa Fleming. Mwaka 1965 alikuwa ametoa kitabu kizima cha kumchambua Bond. Hata hivyo ujuzi huo haukuwanyamazisha waliokuwa wakimtafuta Fleming katika kurasa zake. Linganisha na mwaka 2024, Nick Harkaway alipotoa Karla's Choice na kumrejesha George Smiley, jasusi wa John le Carré, aliyefariki mwaka 2020. Harkaway ni mwanawe le Carré, aliyezaliwa mwaka 1972, na riwaya tatu kuu za Smiley na Karla zilitoka kati ya 1974 na 1979, yeye akiwa mtoto. Wahakiki wengi walimpokea kwa ukarimu. Hatusemi kwamba sauti hurithiwa kwa damu kama pua au kimo. Twasema kwamba lugha huingia kwa kusikizwa muda mrefu, na ambaye hakulelewa nayo nyumbani hana budi kuitafuta kwa kusoma na kusoma tena.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Elvis Musiba wa Tanzania alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa Afrika wakati wa harakati za ukombozi wa kusini mwa bara letu. Musiba alifariki mwaka 2010. Lau mwandishi kijana angetaka kumwendeleza Gamba leo, nisingempinga. Makaburu walishaondoka madarakani mwaka 1994, hivyo maadui wangebadilika; na wabadilike. Hatari ningeiona kwingine: kwamba Gamba angezungumza Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kiingereza, chenye sentensi zinazonuka tafsiri. Hapo msomaji angesema, "Huyu siye," naye angekuwa na haki kabisa.

Enyi walimu, hili ni somo la darasani. Chukueni aya moja ya riwaya ya mfululizo, wapeni wanafunzi waiendeleze kwa aya ya pili, kisha zichanganyeni bila majina. Mwanafunzi akisema, "Hii si ya mwandishi," msimpe alama bado. Mwulizeni: neno gani limekuambia? Sentensi ipi? Akijibu kwamba ameona tu kuwa haifanani, mrudisheni kwenye ukurasa asome tena. Akiweka kidole pale ambapo sauti imevunjika, basi amefanya uhakiki, na siku moja huenda yeye mwenyewe akakabidhiwa kalamu.