Tupimiwe kabla ya kujenga, si baada



Nina dukuduku juu ya ujenzi huku vijijini.

Hapa Ipililo mtu akiuza pamba vizuri, jambo la kwanza ni tofali za kuchoma na bati. Nami nilifanya hivyo. Fundi alifunga kamba, msingi ukachimbwa. Ukuta ulipofika kwenye madirisha akaja mtumishi mmoja na kopo la rangi, akachora X. Nikaambiwa nimo ndani ya hifadhi ya barabara. Nilipouliza kwa nini hakuja siku ya kamba, akajibu kuwa ni wajibu wangu kujua sheria.

Sawa, kutojua sheria si utetezi. Lakini tujulishwe wapi? Nimekuja kufahamu kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009 zinataka mita 30 kila upande, kutoka katikati, kwa barabara kuu na za mkoa. Zamani zilikuwa mita 22.5. Barabara ndogo zina vipimo vyake. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na palipotangazwa kuwa eneo la mipango miji, lazima kibali kwanza. Hayo niliyapata kwa kuulizauliza, hasara ikiwa imekwisha kunifika. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, lakini kijijini kwetu sijaona hata karatasi moja ya vipimo hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni wazee wetu. Katika Operesheni Vijiji ya 1974 wengi walipangwa kwa mistari kandokando ya barabara, na walioonyesha viwanja walikuwa watu wa Serikali. Leo watoto wao wakijenga palepale wanaitwa wavamizi!

Naiomba Halmashauri isimike nguzo za mpaka wa hifadhi, na Mtendaji wetu atusomee vipimo katika mkutano mkuu wa kijiji, kabla soko la pamba halijafunguliwa. Rangi ya X ina gharama. Nguzo nazo zinawezekana.

Ukuta wangu nimeubomoa mwenyewe nikaokoa tofali chache. Msingi mpya sichimbi mpaka aje mtu na kamba yake ya kupimia.

Mkulima,
Ipililo, Simiyu.