Kapalata: Wanaimba wawili, kwa nini bahasha ni moja?

Kisangani, Tshopo – Bwana na bibi wanapoalikwa kupiga muziki wa asili huku Kapalata, iwe kwenye lupango, kwenye ukumbi wa parokia ao kwenye nganda ndogo, mara nyingi mambo yanaisha vile vile. Bwana anapiga likembe. Bibi anaanzisha wimbo, watu wanaitikia, anawainua kwenye viti. Kisha mwenye kualika anamwita bwana pembeni na kumwekea bahasha mkononi. Bibi anafunga kitenge chake na kungojea. Ukiuliza malipo yake yako wapi, unajibiwa: “Si ni bibi yake?”

Jibu hilo ni baya. Mwalimu akioa mwalimu mwenzake, hakuna mkubwa wa shule anayempa bwana mishahara ya wote wawili. Kila mmoja anasaini kwenye listi. Muuguzi na bibi yake muuguzi ni vivyo hivyo. Kwa nini basi mwanamke akishika wimbo kazi yake inageuka kuwa msaada kwa bwana, kama vile kuchota maji?

Wenye kualika wanasema ukumbi ni mdogo na feza ni kidogo. Hakuna anayewadai waongeze hata franga moja. Feza zile zile zigawanywe mara mbili, mbele ya wote wawili, na kila mmoja aweke sahihi yake kwenye daftari. Wengine wanasema feza zote zinaingia nyumba moja. Zikiingia nyumba moja ni vizuri, lakini bibi aziingize kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna wanaojificha nyuma ya desturi na sheria. Sheria ya zamani ilikuwa upande wao kweli: Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kwa mkataba. Lakini sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Ruhusa ya bwana iliondolewa, mahali pake pakawekwa maelewano ya wote wawili. Anayemruka bibi leo anafuata sheria iliyokwisha kufa.

Na jambo hili halihusu bahasha ya usiku mmoja tu. Bwana akifariki, Sheria ya familia inamweka mjane katika kundi la pili la warithi, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Ikiwa nyimbo zote zilijulikana kwa jina la bwana peke yake, bibi atakaa chini kugawana na mashemeji nyimbo alizozitunga yeye mwenyewe. Ikiwa jina lake liliandikwa tangu mwanzo, sehemu yake si urithi, ni mali yake. Sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi na mwimbaji, haiulizi kama ameolewa. SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, inapaswa kupokea majina mawili, si moja.

Mifano ipo. Kule Mali, Amadou Bagayoko na Mariam Doumbia, wote wawili vipofu, walioana mwaka 1980 na kuimba pamoja miaka mingi kwa majina mawili: Amadou na Mariam. Amadou alifariki tarehe 4 Aprili 2025. Hakuna aliyehitaji kuuliza Mariam ni nani. Na hapa kwetu, Abeti Masikini, aliyezaliwa mji huu mwaka 1954, alisimama jukwaani kwa jina lake mwenyewe, huku bwana yake, Gérard Akueson, akisimamia kazi yake. Ndoa haikuvunjika kwa sababu ya jina.

Nje ya Kisangani, wengi wanaijua Kapalata kwa kambi ya askari tu. Ingefaa ijulikane pia kama mtaa unaolipa wanamuziki wake kwa haki. Kazi si kubwa: majina mawili kwenye tangazo, majina mawili redioni, sahihi mbili kwenye daftari, bahasha mbili.

Mabwana wanaopiga likembe wanaweza kuanza wao wenyewe. Mkono wa bahasha ukinyooshwa, waseme neno moja tu: “Na ya bibi?”