Skizandra kwa Farasi na Mbwa
Matunda mekundu ya skizandra, mtambaa wa misitu ya kaskazini-mashariki ya Uchina na mashariki ya mbali ya Urusi, ambayo matabibu wa Kichina huyasifu kwa ladha zake tano, yalijaribiwa katika miaka ya 1990 kwa farasi wa mashindano waliolegea, na vimeng'enya vya ini damuni mwao vikapungua. Habari njema, ila farasi si mbwa. Na maadamu tunda hili hubadili namna ini livunjavyo dawa nyingine, hata kwa wanadamu tunda la skizandra wa jamii ya karibu likapandisha damuni dawa iitwayo takrolimasi, mwenye mbwa atumiaye dawa za kifafa, au farasi jike mwenye mimba, hana budi kushauriana kwanza na tabibu wa wanyama, kwani wauzaji, nionavyo, ni wakarimu wa sifa kuliko wa hadhari.